Bahari haitenganishi watu

Mtoto akisema «kwetu hakuna kitu», tujiulize: nani alimfundisha?

Epeli Hau'ofa alizaliwa mwaka 1939 kule Papua. Wazazi wake walikuwa wamisionari kutoka Tonga, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki. Alisoma sana, akawa mwalimu wa chuo kikuu mjini Suva, nchini Fiji. Aliwafundisha vijana yale wataalamu waliyosema: visiwa vyenu ni vidogo, ni maskini, viko mbali, haviwezi kujitegemea. Lakini alipotazama nyuso zao aliona zimejaa huzuni. Akaona kwamba anawavunja moyo watoto wa kwao mwenyewe.

Mwaka 1993 akaandika mawazo mapya: anayehesabu nchi kavu peke yake hajahesabu vizuri. Mababu walivuka bahari kwa mitumbwi, wakaoana, wakabadilishana mali. Bahari ilikuwa njia yao, hata shamba lao.

Aliandika pia hadithi za kuchekesha juu ya wakubwa wa visiwani na wataalamu wa misaada. Mwaka 1997 akaanzisha kituo cha sanaa palepale chuoni. Alifariki mwaka 2009.

Sisi wa Kivu na Tanganyika tunaelewa. Boti inatoka Bukavu kwenda Goma, imejaa wamama na mizigo yao. Ziwa linatulisha na kutukutanisha na ndugu. Basi jioni, tukiangalia madaftari ya watoto, tuwaambie hayo pia. Mtoto anayedharau kwao hatapata nguvu ya kupajenga.