Njia ya Ushauri wa Kitaalamu, Kutoka Lukafu hadi Kinshasa

Serikali hununua chanjo, hujenga mabwawa ya umeme, huruhusu au hukataza dawa za kuulia wadudu, hugawa vibali vya migodi na huchora mipaka ya mbuga. Karibu kila uamuzi wa namna hiyo umebeba swali la kisayansi, na waziri anayetia sahihi mara nyingi ni mwanasheria au mchumi. Jibu hana budi kulipata kwa mtu mwingine. Ushauri wa kitaalamu ni utaratibu wa kumpata mtu huyo, kumuuliza mapema, na kuweka kumbukumbu ya alichosema. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa kuliko yote.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mshauri wa kwanza hukaa chumba cha jirani na waziri. Mfumo wa kabine ulirithiwa kwa Wabelgiji: kila waziri huja na mkurugenzi wa kabine yake na washauri wake, na siku akiondolewa nao huondoka. Kando yao upo utawala wa kudumu chini ya katibu mkuu, wenye wakurugenzi waliozeekea kazini. Ripoti ya kurasa sitini hupita sehemu hizo mbili, na ikifika mezani kwa waziri imebaki kurasa mbili tu. Hapo aliyeifupisha ana nguvu kuliko aliyeiandika. Mfumo una faida yake: waziri ana mtu anayemwamini, anayeweza kumjibu kabla ya jioni. Hasara huonekana serikali inapovunjwa. Mafaili yaliyokuwa kwa mshauri huenda yasionekane tena, na kabine mpya ikaagiza upya utafiti uliokwisha kufanywa.

Katanga ilionja ushauri wa aina hii kabla Lubumbashi haijazaliwa. Mwaka 1891 afisa Paul Le Marinel alianzisha kituo cha Lofoi katika bonde la Lufira, upande huohuo kilipo kijiji cha Lukafu, chini ya uwanda wa juu wa Kundelungu. Mwaka uliofuata alikuwa amefika Katanga Jules Cornet, mwanajiolojia kijana aliyekuja na msafara wa Lucien Bia na Émile Francqui. Kazi yake ilikuwa kumweleza Mfalme Leopold II na Kampuni ya Katanga kama nchi hiyo ilistahili gharama. Cornet alikagua mashimo ya Kambove na Likasi, akaona wingi wa madini, na jina la «kashfa ya kijiolojia» ambalo Katanga imelibeba hadi leo huhusishwa naye.

Mashimo yale, hata hivyo, hayakuchimbwa na Wazungu. Watu wa jamii za Basanga na Bayeke walikuwa wakichimba malakaiti, wakiiyeyusha na kumimina misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha katika biashara ya mbali. Wao ndio waliojua miamba ilipo, msimu wa kuchimba, na kuni zinazotoa moto wa kutosha. Katika hesabu za Brussels walihesabiwa kuwa wapagazi na wenyeji, na mtaalamu alikuwa mmoja. Ushauri wenyewe nao ulilala. Chama cha Madini cha Katanga ya Juu, yaani Union Minière, kiliundwa mwaka 1906, reli ikafika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa hapo mwaka 1911. Karibu miaka ishirini ilipita kati ya macho ya Cornet na tanuru. Ripoti nzuri isiyo na reli wala mtaji hubaki karatasi.

Baadaye ukoloni ulijenga taasisi za kudumu. INEAC, ya utafiti wa kilimo, iliundwa mwaka 1933 na kituo chake kikuu cha utafiti kikawa Yangambi. IRSAC, ya sayansi kwa jumla, ilianza mwaka 1947 na kujulikana zaidi kwa kituo chake cha Lwiro, karibu na Bukavu. Mwaka 1959 Chuo Kikuu cha Lovanium kikawasha mtambo wa nyuklia wa utafiti, wa kwanza barani Afrika. Baada ya uhuru majengo yalibaki. Kilichokatika taratibu ni bajeti, na pamoja nayo mazoea ya wizara kuuliza.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa siku hizi ni Ebola ya mashariki, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Katika mwaka wa kwanza mapambano yaliongozwa na Wizara ya Afya chini ya waziri wake, Dkt. Oly Ilunga, naye Profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Biolojia na Tiba, INRB. Muyembe hakuwa mgeni wa ugonjwa huo: alifika Yambuku mwaka 1976 ulipozuka mara ya kwanza nchini, na alikuwa Kikwit mwaka 1995. Swali lililowagawa lilikuwa la kisayansi na la kisiasa kwa pamoja: je, chanjo ya pili, ya Johnson & Johnson, iletwe wakati ile ya kwanza tayari inatumika? Waziri aliikataa. Alihofia kuwachanganya wananchi ambao tayari walikuwa na mashaka.

Katikati ya Julai 2019 mgonjwa alipatikana Goma, na Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Tarehe 20 Julai Rais Félix Tshisekedi aliweka mapambano mikononi mwa sekretarieti ya kiufundi inayoongozwa na Muyembe, ikiwajibika kwa Rais. Siku mbili baadaye waziri alijiuzulu, akisema mapambano hayawezi kuwa na vichwa viwili. Novemba chanjo ya pili ikaanza kutolewa Goma.

Tukio hilo husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa sayansi dhidi ya siasa. Usimulizi huo ni mwepesi mno. Kilichotokea ni kwamba mshauri aligeuzwa kuwa mtendaji. Mtu aliyekuwa akisema «data zinaonyesha hivi» akawa ndiye anayegawa magari, posho na timu za mazishi. Makosa ya uendeshaji yakawa yake, na hakubaki mwingine wa ngazi yake ambaye Rais angemuuliza kama mambo yanakwenda sawa. Ndiyo maana nchi nyingi huweka ukuta, hata mwembamba, kati ya anayeshauri na anayetekeleza. Kwa upande mwingine, Kongo ilikuwa na mtu mwenye uzoefu wa miaka zaidi ya arobaini na maabara inayofanya kazi, jambo ambalo serikali nyingi hazina zinapolihitaji. Dawa moja kati ya mbili zilizoonyesha nguvu katika majaribio yaliyofanywa wakati wa mlipuko huo, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu 2,287.

Dharura hufungua milango. Madhara ya polepole hubaki nje yakibisha hodi. Huko Lubumbashi, watafiti wa Shule ya Afya ya Umma ya chuo kikuu, akiwemo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven, wamekuwa wakipima metali katika miili ya wakazi wa ukanda wa migodi tangu miaka ya 2000. Kazi yenyewe haina makeke: vikopo vya mkojo vyenye namba, sindano za damu, na vumbi linalofagiliwa sakafuni ndani ya nyumba. Matokeo ya kwanza makubwa yalichapishwa mwaka 2009. Mwaka 2018 yakaja ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti hadi chini ya vyumba vyao: watoto wa hapo walikuwa na kobalti kwenye mkojo mara kumi kuliko watoto wa mtaa wa jirani usiochimbwa.

Matokeo hayo yalisomwa na kampuni za magari za Ulaya na mashirika ya haki za binadamu haraka kuliko ofisi za serikali zilizo jirani na Kasulo. Sababu haiko mbali. Makala yalitoka kwa Kiingereza katika majarida ya kimataifa, fedha za vipimo zilitoka Ubelgiji, na hapakuwa na ofisi iliyoagiza utafiti ule na ambayo kwa hiyo ililazimika kuujibu. Utafiti usioagizwa na serikali unaweza kuwa kweli tupu na bado ukakosa mpokeaji.

Nchi za Afrika Mashariki zilijaribu kuunda mpokeaji huyo kwa sheria. Tanzania ilipitisha sheria ya COSTECH mwaka 1986, ikaipa tume hiyo jukumu la kuishauri serikali juu ya sayansi na teknolojia. Uganda ikaunda baraza lake mwaka 1990, na Kenya ikawa na NACOSTI mwaka 2013. Sheria peke yake haitoshi, kama Kenya ilivyoonyesha. Novemba 2012, wiki chache baada ya utafiti wa Mfaransa mmoja kudai kwamba mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yaliwasababishia panya uvimbe, Kenya ilipiga marufuku kuagiza vyakula vya namna hiyo. Tayari ilikuwa na mamlaka ya usalama wa kibayolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009 kwa maswali kama hayo, lakini tangazo lilitoka upande wa afya. Jarida liliuondoa utafiti ule Novemba 2013. Serikali haikuyaondoa marufuku hadi Oktoba 2022.

Mahindi ndiyo yanayomkutanisha mkulima wa Lukafu na mfumo huu wote, maana bukari, ugali wa huko, haina mbadala mwepesi. Viwavijeshi kutoka Amerika viligunduliwa Afrika Magharibi mapema mwaka 2016, na kabla ya miaka miwili kwisha vilikuwa vimeenea sehemu kubwa ya bara, Katanga ikiwemo. Asiyevijua huona majani yenye matundu. Anayevijua hufungua moyo wa mmea na kukuta unga wenye majimaji kama wa msumeno, na chini yake kiwavi mwenye alama ya Y iliyopinduliwa usoni. Dawa ikipuliziwa wakati huo haimfikii kwa urahisi.

Taarifa ya shamba kama hilo hupanda kwa ngazi: monita wa kilimo, mkaguzi wa eneo la utawala (territoire), ukaguzi wa jimbo Lubumbashi, kisha Kinshasa. Ushauri hushuka kwa ngazi zilezile, na kiwavi hukamilisha maisha yake yote kwa takriban mwezi mmoja, muda ambao barua hupita ofisi mbili ikiwa na bahati. Kwa hiyo wakulima wa nchi mbalimbali za Afrika walianza wenyewe kutia majivu, mchanga au udongo ndani ya moyo wa mmea. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipotoa mwongozo wake kwa mashamba darasa ya Afrika mwaka 2018, mbinu hizo za wakulima ziliwekwa humo, pamoja na shauri la kukagua shamba kila wiki na kuponda mayai kwa vidole kabla hayajaanguliwa.