Homa ya Mgunda katika Bonde la Ruvuma: Mifugo, Mazingira na Nafasi ya Mwalimu

Kilambo ni kijiji kilicho karibu na mlango wa Mto Ruvuma, mkoani Mtwara, mahali ambapo kivuko huwavusha wasafiri kati ya Tanzania na Msumbiji. Mto hufika hapa ukiwa umepungua kasi, ukatandaza maji na tope katika tambarare pana kabla ya kuingia kwenye mikoko na Bahari ya Hindi. Wakati wa mvua tambarare hiyo hugeuka majaruba ya mpunga. Wakulima huingia majini pekupeku kulima na kupalilia. Mbuzi na ng'ombe hunywa katika vidimbwi hivyo hivyo. Panya hustawi kwa nafaka. Nao watoto hukatiza maji waendapo shuleni. Mazingira ya namna hii yana kila kinachohitajika ili ugonjwa mmoja uhame kutoka kwa mnyama hadi kwa binadamu. Ugonjwa huo ni leptospirosi, ambao Watanzania wameufahamu kwa jina la homa ya mgunda.

Somo la Ruangwa, 2022

Mwezi Julai 2022, wagonjwa wenye homa, maumivu ya kichwa, uchovu mkubwa na kutokwa damu puani waliripotiwa katika Kata ya Mbekenyera, Wilaya ya Ruangwa, mkoa jirani wa Lindi. Hofu ilienea haraka, kwa kuwa dalili ya kutokwa damu iliwakumbusha watu Ebola na Marburg. Vipimo vya magonjwa hayo mawili, pamoja na cha UVIKO-19, havikuonesha maambukizi. Tarehe 18 Julai Wizara ya Afya ilitangaza kwamba chanzo ni leptospirosi. Hadi siku hiyo wagonjwa 20 walikuwa wamebainika, na watatu kati yao walikuwa wamefariki dunia.

Mgunda ni shamba katika lugha za kusini, na jina hilo lilifaa. Hata hivyo, ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni nchini. Katika utafiti uliofanyika Moshi kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili walichunguzwa kwa kina. Wagonjwa 528, yaani asilimia 60.7, walikuwa wamehesabiwa na waganga kuwa na malaria. Vipimo vya maabara vilithibitisha malaria kwa wagonjwa 14 tu, yaani asilimia 1.6. Miongoni mwa waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo walikuwa nayo, na leptospirosi ndiyo iliyoongoza. Moshi si Mtwara, na malaria katika ukanda wa pwani ya kusini ni nyingi kuliko kule. Funzo linabaki lile lile: homa ambayo kipimo chake cha malaria ni hasi ina jina lingine, na ni wajibu wa tabibu kulitafuta.

Watu wa kusini wamewahi kuufundisha ulimwengu jambo hili. Mwaka 1952 na 1953 homa kali yenye maumivu ya viungo iliwapata wakazi wa Uwanda wa Makonde. Uchunguzi ulionesha kuwa ni ugonjwa wa virusi uliokuwa haujaelezwa bado, na jina lake, chikungunya, likatokana na neno la Kimakonde la kujikunja kwa maumivu.

Kijidudu na njia zake

Leptospirosi husababishwa na bakteria wembamba waliojiviringa kama skrubu. Makao yao ni figo za wanyama: panya, ng'ombe, mbuzi, nguruwe, mbwa na wanyamapori mbalimbali. Mnyama anaweza kuwabeba kwa miezi mingi bila kuonekana mgonjwa, huku akiwatoa kwa mkojo. Mkojo huo ukiingia katika maji yasiyo na chumvi au udongo wenye unyevu na joto, bakteria huweza kuishi kwa wiki kadhaa. Jua kali na ukavu huwaua.

Binadamu huambukizwa pale maji, tope au mkojo wenye bakteria unapogusa mchubuko, ngozi iliyolainika kwa kukaa majini muda mrefu, au utando wa macho, pua na kinywa. Mtu huweza pia kuambukizwa kwa kunywa maji yaliyochafuliwa. Ni nadra sana binadamu kumwambukiza binadamu mwenzake. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga au kumwogopa mgonjwa.

Dalili

Kwa kawaida dalili huanza siku 5 hadi 14 baada ya maambukizi, ingawa huweza kuchukua siku 2 hadi 30. Mgonjwa hupata homa ya ghafla, baridi, maumivu ya kichwa, kutapika, na maumivu makali ya misuli, hasa ya ndama za miguu na kiuno. Macho huwa mekundu bila kutoa usaha, na dalili hii, ikiungana na maumivu ya miguu, inapaswa kumzindua mhudumu wa afya.

Wengi hupona. Baadhi, hata hivyo, huingia katika hali mbaya: macho na ngozi huwa manjano, mkojo hupungua, damu hutoka puani au katika makohozi, na figo au mapafu hushindwa kazi. Aina hii kali ilielezwa na daktari Mjerumani, Adolf Weil, mwaka 1886. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yanaonesha kwamba ulimwenguni watu wapatao milioni moja huugua leptospirosi kila mwaka, na karibu 59,000 kati yao hufariki.

Kwa mhudumu wa zahanati

Zahanati haina kipimo cha kuthibitisha ugonjwa huu. Ina jambo jingine lenye thamani, nalo ni maswali. Mfano ni wa mkulima aliyefika na homa ya siku tatu, kipimo cha haraka cha malaria kikawa hasi. Aulizwe: katika mwezi uliopita amefanya kazi kwenye majaruba? Amezalisha au kuchinja mnyama? Amekamata panya? Nyumba yake ilifurika? Wapo wengine nyumbani wenye homa kama hiyo? Majibu hayo yakiandikwa katika kadi yake, daktari wa hospitali atakayempokea huwa ameokoa siku nzima.

Kipimo cha malaria kikiwa chanya, mgonjwa atibiwe malaria. Asipopata nafuu baada ya dawa mseto, achunguzwe upya, kwani magonjwa mawili huweza kukaa katika mwili mmoja. Sampuli ya damu ya wiki ya kwanza inafaa kwa kipimo cha vinasaba. Kingamwili huanza kuonekana baadaye, na uthibitisho kamili huhitaji damu ya mara mbili, zikipishana kwa takribani wiki mbili.

Matibabu yasisubiri majibu hayo. Mgonjwa asiye na dalili za hatari hutibiwa kwa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa siku saba. Wajawazito na watoto wadogo hupewa amoksilini au azithromaisini badala yake. Mwenye manjano, mkojo mchache, kutokwa damu au kupumua kwa shida apewe rufaa mara moja, kwa kuwa huhitaji penisilini au seftriaksoni kwa njia ya mshipa, uangalizi wa maji mwilini, na pengine kusafishwa damu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi hununua dukani kwa ajili ya maumivu ya misuli, ziepukwe, kwa sababu huongeza madhara kwa figo ambazo tayari zinashambuliwa.

Mifugo kama kengele ya hatari

Ng'ombe akitupa mimba, mfugaji huhesabu hasara ya ndama. Daktari wa mifugo huona zaidi ya hapo. Leptospirosi ni miongoni mwa sababu za kutupa mimba, kuzaa ndama mfu au dhaifu, na kupungua kwa maziwa ghafla. Ndama aliyeambukizwa huweza kukojoa mkojo mwekundu. Baadhi ya dalili hizo huweza pia kutokana na ugonjwa wa kutupa mimba, yaani bruselosi, ambao nao humpata binadamu. Kwa hiyo zizi lenye mimba zilizotupwa ni habari inayoihusu zahanati sawasawa na inavyomhusu ofisa mifugo.

Historia ya kusini inalipa jambo hili uzito. Kwa miaka mingi mbung'o waliyafanya maeneo mengi ya Lindi na Mtwara kuwa na ng'ombe wachache. Mwaka 2006 na 2007, mifugo ilipoondolewa Usangu na Ihefu ili kulinda vyanzo vya maji, sehemu ya makundi ilielekezwa Lindi na Pwani. Jamii za wakulima zikaanza kuishi jirani na makundi makubwa ya ng'ombe ambayo hazikuyazoea, na ujuzi wa magonjwa ya mifugo haukuhama kwa kasi ya mifugo yenyewe. Lawama hazina nafasi hapa: mfugaji ndiye wa kwanza kuambukizwa, na panya wa mkulima ni hatari kama ng'ombe wa jirani.

Mto unapofurika

Mafuriko huosha mikojo ya mazizi na mashimo ya panya, yakaisambaza visimani na majarubani. Panya nao hukimbilia majumbani. Kimbunga Kenneth kilichoipiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, ng'ambo tu ya Ruvuma, na kimbunga Hidaya kilichofika pwani ya Tanzania Mei 2024, vimewakumbusha watu wa ukanda huu kwamba mvua kubwa si jambo la mbali. Joto na unyevu vikiongezeka, muda wa bakteria kuishi nje ya mnyama huongezeka pia. Kwa sababu hiyo, wiki mbili hadi nne baada ya mafuriko ni wakati wa zahanati kuwa macho, hata kama maji yameshakauka.

Kwa nini mwalimu

Tanzania ina Dawati la Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, linalounganisha wataalamu wa afya ya binadamu, mifugo, wanyamapori na mazingira. Kijijini, hata hivyo, wataalamu hao ni wachache na hukaa mbalimbali. Mwalimu yupo kila siku. Ndiye anayejua kwamba watoto watatu wa nyumba moja hawakufika shule kwa homa, na ndiye ambaye maneno yake mtoto huyafikisha nyumbani jioni ile ile.

Lakini mwalimu hawezi kufundisha asichofundishwa. Mkoa wa Mtwara una vyuo vya ualimu, na hapo ndipo somo hili lingeanzia. Mwalimu mwanafunzi ahitaji mambo machache: aelewe mzunguko wa ugonjwa kati ya mnyama, maji na mtu, ajue dalili za hatari, ajue wa kumpa taarifa. Mada za sayansi zilizopo tayari zinaweza kuubeba mzunguko huo bila kuongeza somo jipya. Lipo pia jambo la heshima. Katika sehemu za kusini panya wa shambani ni kitoweo, na mwalimu anayekidhihaki chakula cha wazazi hatasikilizwa. Anayeeleza kwamba hatari kubwa ipo katika kumshika na kumpasua panya kwa mikono yenye michubuko, na kwamba nyama ipikwe ikaiva vizuri, atasikilizwa.

Kinga

Vaa gambuti unapoingia majarubani. Usipokuwa nazo, funika vidonda kwa kitambaa kisichopitisha maji na uoge kwa sabuni mara utokapo. Usimzalishe mnyama wala kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Mimba iliyotupwa ifukiwe kwa kina, mbali na kisima. Chemsha maji ya kunywa. Hifadhi nafaka katika vyombo vyenye mifuniko, kwani ghala wazi huwaalika panya. Tenga maji ya mifugo na maji ya watu. Mwulize ofisa mifugo kuhusu chanjo. Ukipata homa baada ya kazi ya majini, nenda kituoni mapema na umwambie mhudumu kazi uliyoifanya. Taarifa za homa zisizo za kawaida hupokewa na Wizara ya Afya kwa simu 199, bila malipo.

Dawa za ugonjwa huu ni za bei nafuu na hupatikana katika vituo vingi. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuuliza swali kwa wakati: mhudumu kwa mgonjwa, ofisa mifugo kwa mfugaji, mwalimu kwa mtoto aliyerudi shuleni baada ya wiki ya homa. Maswali hayo matatu yakiulizwa, na majibu yake yakakutana, mkulima wa Kilambo atatibiwa figo zake zikiwa bado nzima.