Hadithi ya Redio Darasani: Mbagala Ina la Kujifunza Visiwani

Kila aliyepata kukaa barazani usiku, bibi akiwa amezungukwa na wajukuu, anajua kwamba hadithi haianzi mpaka watoto waitike. Msimuliaji hutamka "Paukwa!" kisha hunyamaza. Kimya kile kina kazi yake. Watoto wakiitika "Pakawa!" kwa uvivu, bibi hukataa kuendelea, akarudia mpaka wote wameamka. Tunalitaja jambo hili la kale kwa kuwa njia inayozungumzwa sana siku hizi na wataalamu wa elimu, ya kuwafundisha watoto wa skuli za msingi kwa hadithi za kusikiliza, zenye milio na sauti za kumfanya mtoto ajione yumo ndani ya kisa chenyewe, imesimama juu ya kimya kile kile.

Haja ya njia hiyo inaonekana wazi pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, na kuanzia Januari 2016 wazazi waliwapeleka watoto kwa wingi ambao skuli za Mbagala na Chamazi wilayani Temeke, au za Bunju upande wa Kinondoni, hazikujengewa. Neema ile hatuikosoi hata kidogo. Lakini darasa la watoto mia moja na zaidi lina kanuni zake za kimaumbile, wala hazisikii waraka. Mahali pa wazi, umbali ukizidi mara mbili, nguvu ya sauti hushuka hadi robo. Ndani ya darasa kuta huirudisha kidogo, ila mtoto wa dawati la nyuma huipata ikiwa imechanganyika na minong'ono ya wenziwe, honi za daladala za Barabara ya Kilwa, na wakati wa masika mvua ipigayo bati. Huyo ndiye anayetakiwa kutofautisha "fa" na "va", "tha" na "dha", apate kuandika. Mwisho wa mwaka huandikiwa kwamba hajui kusoma. Pengine hakuna aliyewahi kuuliza kama alisikia.

Msomaji wa Unguja au Pemba asiseme kwamba hayo ni ya Bara. Mbali na ndugu na wajukuu wetu wengi walioko huko Temeke, msongamano wa madarasa tunaujua wenyewe katika Fuoni na Mwanakwerekwe, na mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, ilikuwa desturi yetu kwa miaka mingi kabla Serikali haijaanza kusimamisha skuli za ghorofa. Tena dawa tunayoizungumzia ilikwisha kujaribiwa hapa hapa Visiwani.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 2000, Wizara ya Elimu ya Zanzibar, ikishirikiana na taasisi ya Kimarekani ya EDC na kwa fedha za shirika la USAID, iliendesha mradi wa RISE wa kufundisha kwa redio. Kipindi chake kikuu kiliitwa Tucheze Tujifunze, nao watoto na wazazi wakakifupisha kuwa Tutu. Kilidumu nusu saa. Katika vijiji visivyokuwa na skuli ya maandalizi, watoto walikusanyika chini ya mti au katika ukumbi wa jirani, wakisimamiwa na mtu wa kijiji hicho hicho aliyepewa mafunzo na kitabu cha mwongozo. Redio ilisimulia, ikaimba, ikauliza. Kisha ikanyamaza ili watoto wajibu, wainuke, wahesabu mbegu, wachore herufi mchangani kwa kijiti. Msimamizi hakukaa kando kama mgeni. Alipita baina yao akitazama nani amekwama.

Njia hiyo haikuzaliwa kwetu, hilo tulikubali. Ilianza Nicaragua katikati ya miaka ya 1970, pale wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walipofundisha hesabu kwa redio, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 majirani zetu wa Kenya wakaitumia kufundisha Kiingereza katika madarasa ya mwanzo. Lakini ilipofika pwani ya Waswahili ilimkuta mwenyeji wake ameketi barazani. Mzungu alichokiita ufundishaji wa kushirikisha, bibi alikiita adabu ya kusikiliza.

Hata redio yenyewe ililijua jambo hili zamani. Watu wazima wa leo wanakikumbuka kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania Dar es Salaam, ambacho kiliwafanya watoto waache mpira uwanjani. Na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyokusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, haikutegemea redio peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi na kitabu. Walisikiliza, wakajadiliana, ndipo wakashika majembe kuchimba vyoo. Redio ilitoa neno, kikundi kikalitia mkono.

Kinyume chake tulikiona mwezi Machi 2020, skuli zilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, hadi mwisho wa Juni. Masomo yalirushwa hewani na kwenye televisheni, na waliojitolea kuyaandaa kwa haraka ile wanastahili shukrani. Hata hivyo, somo lililoandaliwa kwa darasa haligeuki kuwa somo la redio kwa kuwekewa kinasa sauti. Mwalimu akisema "tazameni hapa ubaoni", mtoto aliyeko Chamazi atazame wapi? Na nyumbani hakukuwa na wa kupita baina ya watoto kutazama nani amekwama.

Sasa wauzaji wa vifaa wanakuja na vya kuvaa masikioni, na hadithi zilizonaswa kwa vinasa sauti viwili vilivyowekwa kama masikio ya binadamu, hata msikilizaji ahisi nyuki anampitia kushoto kwenda kulia. Ni ufundi wa kupendeza, wala hatuubezi. Ila ladha hiyo hupotea yote sauti ikitoka katika spika moja, nacho kifaa cha masikioni kwa kila mtoto wa Mbagala ni ndoto ya gharama; na kikipatikana, humfungia mtoto peke yake, asimsikie mwenziwe akiitika. Kinachomzamisha mtoto ndani ya kisa ni sauti anayoitambua. Tuseme muuza kahawa anapita uchochoroni akigonganisha vikombe, na watoto wameambiwa wafumbe macho wahesabu amegonga mara ngapi kabla ya honi ya kivuko cha Magogoni. Hapo hesabu ya kujumlisha imeingia bila kubisha hodi. Mtunzi wa mambo hayo hatatoka ng'ambo.

Kwa darasa kubwa yapo ya kufanya yasiyohitaji mfadhili. Spika isiwekwe mbele juu ya meza ya mwalimu bali katikati ya darasa, au ziwe mbili ndogo, kila moja ubavuni. Afadhali zaidi darasa ligawanywe: nusu wasikilize kivulini, nusu waandike ndani, kisha wabadilishane. Hilo lataka watu wazima wawili kwa nusu saa, na hapa ndipo wakuu wa halmashauri za Temeke na Kinondoni wanapotakiwa kujibu, kwa kuwa hadithi zaweza kuhifadhiwa kwenye memori kadi ya bei ndogo, ila msimamizi hahifadhiki humo. Na mtoto mwenye masikio mabovu atambuliwe mapema; kwake hadithi ya sauti ni mlango mwingine uliofungwa.

Liko pia suala la nani mwenye mali. Shirika la USAID lilisitisha kazi zake mwaka 2025, na kila mradi uliotundikwa kwenye kigingi hicho ukapata mtikisiko. Hadithi za Kiswahili za kuwafundisha watoto wetu hazipaswi kuwa na tarehe ya mwisho ya mfadhili. Taasisi ya Elimu Tanzania na Taasisi ya Elimu Zanzibar zina wakuza mitaala, na pande zote mbili zina mashirika ya utangazaji ya umma yenye studio na waigizaji wa michezo ya redio. Inatosha kuanza hapo, na kanda zote zitunzwe katika maktaba moja iliyo wazi kwa skuli yoyote ya Muungano.

Tunapendekeza jaribio dogo. Zichaguliwe skuli chache za Mbagala na za Bunju, darasa la kwanza na la pili, wasikilize nusu saa kila siku kwa mihula miwili, nao wasimamizi wa zamani wa Tutu wa Unguja na Pemba waalikwe kuwafunza wenzao. Mwanzoni na mwishoni kila mtoto asome kwa sauti ukurasa mmoja mbele ya mkaguzi, na vivyo hivyo wa skuli jirani zisizosikiliza. Matokeo, yawe mazuri au mabaya, yabandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata, wazazi wayasome.