Bafu la mume na mke: Chumba kinachosahauliwa katika ramani ya nyumba

Katika kazi yangu ya ukatibu wa kamati ya msikiti, hupokea mambo ya kila namna: michango ya ujenzi, mirathi, na mashauri ya wanandoa. Mwaka jana alitujia bwana mmoja akimlalamikia mkewe kuwa haswali alfajiri kwa wakati wake. Bibi alipoitwa, akasikilizwa na mmoja wa kina mama wa kamati, ikabainika kwamba hakuwa mvivu wa ibada. Walipanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, bafu likiwa uani, na mlango wake unatazamana na baraza wanapoketi wapangaji. Kila ilipompasa kuoga janaba, aliona haya kuuvuka ua na ndoo yake mbele ya macho ya watu, akangoja hadi waende kazini. Alikuwa akilipa swala kwa sababu ya mlango.

Mwenye nyumba, Allah amlipe kheri, alikubali mlango ugeuzwe na ukuta mfupi wa kukinga ujengwe.

Nami sina la kujivunia. Nilipojenga nyumba yangu hapa Dar es Salaam, sebule peke yake tuliijadili jioni tatu. Bafu la chumbani nikamwachia fundi. Saruji ilipokauka ndipo mke wangu akaniuliza kwa upole, "Baba, hapa kibla kiko wapi?" Kwetu Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, na choo kilielekezwa huko huko. Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu choo kilicho ndani ya jengo, na katika madhehebu ya Shafi imeruhusiwa penye kizuizi. Lakini kwa anayeanza kujenga, kukielekeza mashariki au magharibi hakumgharimu hata senti. Mimi kilinigharimu kuvunja.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Nilichagua marumaru za kung'aa kwa kuwa zilipendeza dukani. Mke wangu, akiwa na mimba ya miezi sita, aliteleza akitoka kuoga. Allah alimhifadhi mtoto, ila kifundo cha mkono kilimuuma wiki tatu. Marumaru za kung'aa ziachiwe ukuta. Sakafu itakiwe yenye kukwaruza, na iwe na mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita kuelekea tundu la maji, ili maji yasituame.

Wapo wanaodhani kuwa kufikiria starehe ya wawili bafuni ni mambo ya kuiga. Bi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa yeye na Mtume (s.a.w.) walikuwa wakioga kutoka chombo kimoja, mikono yao ikipishana ndani yake. Na wazee wetu wa Lamu walijenga choo ndani ya nyumba za mawe, jirani na vyumba vya kulala, wakaweka birika la maji na samaki wadogo ndani yake wa kula viluwiluwi vya mbu. Sisi wenye mabomba ndio tuliorudi uani.

Jambo ambalo ningelisisitiza kuliko mengine ni kutenganisha. Penye nafasi, choo kiwe na kijumba chake, na mahali pa kuogea pawe pake. Pasipo nafasi, kizingiti kifupi cha sentimita kumi kinatosha kuzuia maji ya choo yasichanganyike na ya josho. Wasiwasi mwingi wa najisi unaowatesa watu huanzia hapo. Bomba la udhu likiwa nje ya kijumba cha choo, mtu hupiga Bismillahi bila kusita, na mmoja akiwa ndani mwenziwe hangoji mlangoni huku adhana inakwisha.

Dirisha liwe juu kuliko kimo cha mtu anayepita nje, lakini liwepo, maana unyevu huzaa ukungu. Kulabu za taulo ziwe mbili, na rafu mbili, moja kwa kimo cha bibi. Vitu vya mwanamke visiwekwe juu ya tangi la choo kama vya mgeni. Kitasa kifungike kwa ndani, watoto wakikua mtaelewa kwa nini.

Maji yakikatika, pipa lenye mfuniko na kata havina mbadala. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba cha maji na kuoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano, ndoo yetu ya lita ishirini ingewatosha wawili na ikabaki.

Choo chetu sasa kinatazama magharibi. Mke wangu bado anasema bomba la udhu liko chini mno kwa magoti ya mama yangu anapotutembelea, na kweli amesema. Fundi atakuja Jumamosi, inshaallah, na safari hii bibi ndiye atakayeshika kipimo.