Kisiwa cha Saanane, Mwanza: Kutoka Shamba la Mvuvi hadi Uwanja wa Mafunzo ya Uhifadhi

1.0 Utangulizi

Kisiwa cha Saanane kipo katika Ziwa Victoria, takribani kilomita 2 kusini-magharibi mwa katikati ya Jiji la Mwanza. Jina lake husikika kama wakati wa siku, lakini asili yake ni mtu: Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa mmiliki wa kisiwa hicho. Tangu kilipotoka mikononi mwake, kisiwa kimepewa hadhi tatu: bustani ya wanyama mwaka 1964, pori la akiba mwaka 1991, na hifadhi ya taifa mwaka 2013. Makala haya yanafafanua mabadiliko hayo. Hoja kuu ni kwamba kila hadhi mpya ilikiongezea kisiwa ulinzi, lakini pia iliibua upya swali la nani anaingia na kwa shughuli gani.

2.0 Kisiwa kama Mahali pa Kufundishia

Fikra ya kuwafunza vijana kisiwani ina historia ndefu kuliko Saanane. Mwezi Agosti 1907, Robert Baden-Powell alipiga kambi ya majaribio na wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Kambi hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa chimbuko la uskauti, ambao ulifika Zanzibar mwaka 1912 na Tanganyika mwaka 1917. Kisiwa hufaa kwa mafunzo ya namna hiyo kwa kuwa maji humtenga mwanafunzi na mazoea ya nyumbani, na mipaka ya eneo huonekana kwa macho.

Hata hivyo, mahali pa namna hiyo hutegemea anayepamiliki. Brownsea kiliponunuliwa mwaka 1927, mmiliki mpya aliwahamisha wakazi wengi, na baadaye kisiwa kikafungwa kwa umma. Kilifunguliwa tena mwaka 1963, baada ya kukabidhiwa kwa National Trust, taasisi ya kuhifadhi urithi ya Uingereza. Mfano huo unaonesha mambo mawili yanayojitokeza pia Mwanza: kuhamishwa kwa wakazi na haki ya umma kuingia.

3.0 Bustani ya Wanyama, 1964

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mzee Saanane alihamishwa ili kupisha bustani ya kwanza ya wanyama nchini. Uamuzi huo ulikuja wakati taifa jipya lilipokuwa likijenga taasisi zake za uhifadhi. Chuo cha Mweka kilianzishwa mwaka 1963, na Rubondo ikawa pori la akiba mwaka 1965.

Bustani ilikuwa na majukumu mawili. La kwanza lilikuwa kuelimisha wananchi, hususan wa maeneo yanayozunguka ziwa. Ingawa Serengeti inapakana na barabara ya Mwanza–Musoma, mwanafunzi asiye na gari hakuwa na njia rahisi ya kuwaona wanyama wake. Kisiwani, safari fupi ya boti ilitosha. La pili lilikuwa kuwahifadhi kwa muda wanyama waliokuwa wakipelekwa Rubondo. Miongoni mwa wanyama walioletwa Saanane ni nyati, nyumbu, pofu na pundamilia.

4.0 Pori la Akiba na Hifadhi ya Taifa

Mwaka 1991 kisiwa kilitangazwa kuwa pori la akiba ili kuwalinda wanyama waliosalia pamoja na mazingira yao. Mkazo ukahama kutoka kwa mnyama anayeoneshwa hadi kwa makazi yake: miamba ya itale, vichaka na maji ya ziwa. Mwaka 2013 eneo la kilomita za mraba 2.18, likijumuisha visiwa vidogo vitatu na sehemu ya maji, likawa hifadhi ya taifa. Ni hifadhi ndogo kuliko zote nchini. Rubondo ina kilomita za mraba 456.

Swala pala, pimbi, tumbili, fisi maji, mamba na kenge ni miongoni mwa wanyama wa hapo. Shughuli zinazofanyika ni pamoja na kupiga kambi, kupanda miamba, kutazama ndege na safari za boti. Hivyo basi, mafunzo yamehama kutoka kutazama wanyama waliofungiwa hadi kusoma mazingira kwa miguu, jambo linalokikaribisha kisiwa zaidi na desturi ya kambi za skauti kuliko ilivyokuwa mwaka 1964.

5.0 Hitimisho

Thamani ya Saanane haipimwi kwa wingi wa wanyama, kwani kwa kigezo hicho haiwezi kushindana na Serengeti. Inapimwa kwa ukaribu wake na jiji. Lakini ukaribu huo ni wa ramani tu iwapo ada, nauli ya boti na taratibu za kuingia zinamzuia kijana anayekiona kisiwa kila siku akiwa ufukweni. Mzee Saanane aliondolewa kwa hoja kwamba umma utajifunza mahali alipokuwa akilima. Kwa sababu hiyo, kuwawezesha vijana wa Mwanza kuingia na kujifunza si ukarimu wa hifadhi. Ni deni lililoambatana na kisiwa tangu kilipotwaliwa, na jina la mwenyewe bado linalikumbusha.