Sindano ya Ukurutu: Jinsi Dawa Mpya Inavyojaribiwa

Ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi, hauambukizi, ingawa wapo watoto ambao bado hutengwa darasani kwa sababu yake. Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa mafuta ya kulainisha ngozi na krimu walizoandikiwa na daktari. Wachache hawapati nafuu hiyo: wanajikuna usiku kucha hadi damu inatoka. Watafiti wa sindano waliwalenga hao.

Mfano ni dupilumab, dawa inayodungwa chini ya ngozi ili kuzuia kemikali mbili za mwili zinazochochea mwasho na uvimbe. Katika majaribio mawili ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2016, watu wazima 1,379 waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walidungwa dawa kila wiki, wengine kila baada ya wiki mbili, na kundi la tatu likapewa sindano isiyo na dawa. Mgonjwa hakujua amepata ipi, wala daktari wake. Huo si ulaghai. Ukurutu hupanda na kushuka wenyewe, hivyo bila kundi la kulinganisha, nafuu yoyote ingehesabiwa kuwa kazi ya dawa.

Baada ya wiki 16, ngozi ilikuwa safi au karibu safi kwa asilimia 36 hadi 38 ya waliopata dawa. Kwa waliodungwa sindano tupu, ilikuwa asilimia 8 hadi 10. Tofauti ni kubwa, lakini wengi wa waliopata dawa hawakufika hapo, na baadhi walipata uvimbe wa macho. Wote waliendelea kujipaka mafuta kila siku. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Machi 2017.

Nchini Kenya, jaribio la dawa lazima lipitishwe na kamati ya maadili pamoja na Bodi ya Dawa na Sumu. Mkaazi anayeombwa kushiriki ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, ikiwemo kwamba huenda akapata sindano isiyo na dawa. Anaweza kukataa, au kujiondoa baadaye, bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayetia saini. Yeyote anayedai pesa ili kumwandikisha mtu atiliwe shaka.

Mwenye ukurutu usiopungua aanzie kituo cha afya kilicho karibu, akiwa amebeba krimu zote anazotumia, hata zile za sokoni zisizo na lebo.