Programu za kukata na kuunganisha hati: faida iko wapi?

MFANYABIASHARA anayeagiza mali kutoka nje anaijua kazi hii. Wakala wa forodha anamletea faili moja la kurasa 120 lililotoka kwenye skana. Ndani yake mna ankara, orodha za vifurushi, hati za shehena na vyeti vya uasili vya mizigo kadhaa, vyote vimebanwa pamoja. Karani anakaa nusu siku akizitenganisha, kisha anaziunganisha upya, kila mzigo na hati zake.

Kazi hiyo ndiyo inayolengwa na programu-jalizi, yaani programu ndogo inayochomekwa ndani ya programu kubwa ya kuendesha mtiririko wa kazi ofisini. Miongoni mwa hizo kubwa ni Zapier iliyoanzishwa Marekani mwaka 2011, Power Automate ya Microsoft, na n8n iliyoanzia Berlin, Ujerumani, mwaka 2019. Hizo hupokea faili pale barua pepe inapoingia, zikalipitisha hatua kwa hatua na kulifikisha linakotakiwa bila mtu kuligusa. Programu-jalizi ya kukata na kuunganisha ni hatua moja katika safari hiyo.

Mwekezaji mdogo anayeombwa kuweka fedha katika bidhaa ya namna hii aanze kwa kujua jambo moja: kukata kwenyewe hakuna bei. Zana kama qpdf na pypdf hutolewa bure, na mtayarisha programu wa kiwango cha kawaida anaweza kuzitumia kutenganisha kurasa ndani ya siku chache. Pendekezo linalojisifia kukata tu linauza maji ya mvua wakati wa masika.

Thamani iko kwenye kujua pa kukata. Ankara moja inaweza kuwa na ukurasa mmoja, inayofuata kurasa nne. Kanuni ya "kata kila baada ya kurasa mbili" inafaa dukani kwa muuzaji wa programu anapoonyesha bidhaa yake, lakini haifai bandarini. Njia ya zamani na ya uhakika ni kuweka karatasi ya kutenganisha, yenye alama ya QR au msimbo wa mistari, kati ya hati na hati kabla ya kupitisha kwenye skana. Gharama yake ni karatasi na nidhamu ya karani. Njia ya pili ni programu inayosoma herufi kwenye picha, kama Tesseract, ambayo ilianzia katika kampuni ya HP miaka ya 1980 na kuachiwa wazi kwa umma mwaka 2005. Programu-jalizi hutafuta namba ya ankara kwenye kila ukurasa, na namba inapobadilika, inakata.

Hata hivyo, skana yenye vumbi hugeuza 8 kuwa 3. Hapo ndipo bidhaa nzuri inapoachana na mbaya. Iliyo mbaya hukata kwa kubahatisha na kuendelea kimya. Iliyo nzuri huweka kando ukurasa wenye mashaka na kumwita mtu auangalie. Muuzaji anayedai kwamba bidhaa yake haimhitaji mtu kabisa aulizwe nani atalipa gharama za kuchelewa kwa kontena pale ankara itakapoambatishwa kwenye mzigo wa mwingine.

Kuunganisha nako kuna mitego, tena ya kitoto. Kompyuta ikipanga majina ya mafaili kialfabeti, "ukurasa-10" hutangulia "ukurasa-2". Aidha, ankara inaweza kuingia Jumatatu na hati ya shehena Alhamisi. Programu-jalizi isiyojua kusubiri hati zote zitimie itaunganisha nusu na kuituma kama kitu kamili. Ni lazima iwe na orodha ya hati zinazotakiwa kwa kila mzigo, namba ya kuzifunganisha, na muda ambao ukipita bila hati kutimia, mwenye mali ataarifiwa.

Linaloweza kumgharimu mfanyabiashara zaidi ni lile lisiloonekana kwa macho. Muundo wa PDF, uliotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 na kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008, haufanani na daftari ambalo karatasi zake huchanwa moja moja. Unafanana zaidi na ghala. Herufi, picha na maandishi ni vitu vilivyohifadhiwa kila kimoja mahali pake, na ukurasa ni orodha inayoonyesha vitu gani vichukuliwe. Nembo moja ya kampuni inaweza kutumiwa na kurasa zote 120.

Matokeo yake ni mawili. La kwanza ni uzito. Nembo ya kilobaiti 300 ikinakiliwa katika kila moja ya ankara 40 zilizokatwa, inafikia kilobaiti 12,000, wakati faili la awali lilikuwa nayo mara moja tu. Mafaili yakiunganishwa tena bila uangalifu, nakala zote 40 hubaki humo, na barua pepe inakataa kulipokea faili hilo. Hilo ni usumbufu tu.

La pili ni uvujaji. Ukurasa wenye kiungo kinachoelekeza kwenye ukurasa mwingine unaweza, kwa zana isiyo makini, kuuburuta ukurasa huo mwingine ndani ya faili jipya. Mteja anafungua ankara yake na kuona ukurasa mmoja, lakini mjuzi wa kompyuta akilipekua faili anakuta humo bei aliyopewa mshindani wake. Jaribio la kugundua hilo ni rahisi na halihitaji mtaalamu mkubwa: faili la ukurasa mmoja likiwa na uzito unaokaribia ule wa faili zima, kuna kitu kimebaki ndani. Ikiwa kilichobaki ni nakala ya pasipoti au namba ya simu ya mtu, suala linaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kwa Tanzania, au Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kwa Kenya.

Vile vile, hati yenye saini ya kidijitali haikatwi hovyo. Saini hiyo hukokotolewa kutokana na baiti za faili lilivyokuwa liliposainiwa. Likikatwa au kuunganishwa na jingine, saini haithibitiki tena, hata kama picha ya jina bado inaonekana chini ya ukurasa. Programu-jalizi inapaswa kuitambua saini kabla ya kugusa faili, kulihifadhi la asili kama lilivyo, na kuiambatisha hati hiyo pembeni badala ya kuichanganya na nyingine.

Kwa anayeweka mtaji, kuna suala la leseni, ambalo mara nyingi huachwa mpaka mwisho. "Bure" si neno moja. pypdf na qpdf zina leseni zinazoruhusu kuuza bidhaa iliyojengwa juu yake bila kufichua siri ya kazi. iText na Ghostscript zinatolewa kwa leseni ya AGPL: anayezitumia katika bidhaa au huduma ya mtandaoni anatakiwa kutoa programu chanzo yake kwa watumiaji, au alipie leseni ya kibiashara. n8n nayo, tangu mwaka 2022, ina leseni inayoruhusu matumizi ya ndani ya biashara lakini inazuia kuigeuza huduma ya kuuzia wengine bila makubaliano. Kampuni inaweza kuwa na wateja na bado ikawa imejengwa kwenye kiwanja cha mtu.

Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote, mwekezaji aombe orodha ya zana zote zilizotumika na leseni zake kwa maandishi. Kisha apeleke faili lake mwenyewe, lile chafu la skana, lenye kurasa zilizogeuka juu chini na muhuri uliofunika namba, badala ya kukubali la mfano lililoandaliwa na muuzaji. Ahesabu hati zilizokatwa vibaya, na ahesabu pia zile ambazo programu yenyewe ilikiri kuwa na mashaka nazo. Hesabu ya pili ikiwa sifuri na ya kwanza si sifuri, mazungumzo ya bei yasubiri.